Hitilafu za Mashine ya Kukereza Mbao

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba: reli iliwasili mwaka 1910, tanuri la kuyeyushia likawashwa mwaka 1911, na mwaka 1930 mtambo wa Mwadingusha, katika mto Lufira, ukaanza kutoa umeme uliotafutwa hasa kwa ajili ya madini. Lakini neema ya umeme haikuishia viwandani, kwani leo huzungusha pia mashine za maseremala wa mitaa ya Katuba na Kenya mjini humo, ambao hukereza mbao za mninga na mkula zikawa miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Mashine ya kukereza ikipatwa na hitilafu riziki husimama, na fundi aliyefadhaika huwa mwepesi wa kununua kipuri kabla ya kuijua sababu, ilhali aghalabu sababu ni ndogo kuliko gharama aliyojitwika.

Malalamiko ya kwanza ni mtetemo, nao hubainishwa kwa kutenga sehemu moja moja. Simamisha mashine, ondoa gogo, kisha uizungushe tupu. Mtetemo ukitoweka, kosa limo katika gogo, ambalo pengine lina upande mmoja mzito. Lipunguze pembe kwa msumeno, uanze kwa mwendo wa polepole hadi liwe mviringo, na likiwa na ufa lisikerezwe kabisa. Mtetemo ukibaki, kata umeme, vua mkanda, kisha uiwashe mota peke yake: ikitulia, shaka huhamia kwenye mkanda na beringi; isipotulia, kagua puli ya mota na bolti zake. Wala sakafu isisahauliwe, maana mguu mmoja usiokanyaga sawasawa hutosha kuitikisa mashine nzima.

Beringi hupimwa kwa mkono. Umeme ukiwa umekatwa na mkanda umevuliwa, ushike mhimili, uusukume juu na chini, kisha uuzungushe taratibu huku umetega sikio. Ukilegalega, au ukikwaruza kana kwamba umeingiwa na mchanga, beringi zimekwisha, na kuzipaka grisi ni kuahirisha msiba. Zibadilishwe kwa kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwake.

Ama vichwa viwili vya mashine, cha mbele na cha nyuma, hivyo havina budi kutazamana. Sogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake ikaribie kugusa ncha ya mbele. Zikipishana, usikimbilie nyundo, kwani mara nyingi vumbi la mbao limenasa chini ya kichwa au ndani ya tundu la mhimili; lifute kwa kitambaa kikavu, maana mafuta yakibaki humo ncha huteleza. Hali kadhalika, mti mrefu mwembamba ukitoka na mawimbi, usiishutumu mashine upesi: noa patasi, sogeza karibu kiegemeo chake, na upunguze mkazo wa kichwa cha nyuma, kwa sababu mkazo ukizidi mti hupinda katikati.

Mota inayonguruma bila kuzunguka izimwe papo hapo, kabla nyaya zake hazijaungua. Huenda volti zimeshuka, au kapasita imekufa. Na kwa kuwa kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya mashine kuzimwa, kazi ya kuikagua aachiwe fundi wa umeme. Aidha, mashine kuukuu iliyotoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, ikitumiwa hapa penye hezi 50, mota yake ya kawaida hupungukiwa na mwendo kwa sehemu moja ya sita hivi na huweza kupata moto kupita kiasi. Transfoma hurekebisha volti, lakini haibadili hezi.

Basi nawasihi mafundi, na vijana wanaojifunza kwao, washike utaratibu huu: gogo likaguliwe kwanza, kisha sakafu, mkanda, beringi na vichwa, na mota iwe ya mwisho, na fedha isitoke mfukoni kabla hitilafu haijathibitika.