Trekta Yapigwa Stata na Haiwaki: Tuanze Wapi?

Ndugu Wanachama,

Mkarafuu haumngojei fundi. Wakati wa mavuno, magunia yakiwa shambani na trekta imekwama, kila saa ni hasara. Karafuu mbichi zikilala zimerundikwa hupata moto zenyewe, na zikianikwa baadaye hutoka nyeupe na kusinyaa, na bei yake huanguka. Kwa hivyo yafaa kila mwenye trekta ajue namna ya kuitafuta ila, khasa pale stata inapoizungusha mashine lakini mashine haiwaki.

Kwanza tuifahamu tabia ya mashine ya dizeli. Haina plagi wala cheche. Pistoni huukandamiza upepo ndani ya silinda mpaka ukabaki sehemu moja tu katika 15 hadi 20 ya ukubwa wake wa kwanza, na upepo huo hupata moto wa kiasi cha digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka. Basi mashine yataka mambo matatu: upepo wa kutosha, mzunguko wa nguvu, na dizeli safi isiyochanganyika na upepo.

Kabla ya lolote, gia iwe huru na breki ya mkono ifungwe. Stata isishikwe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, kisha ipumzishwe kiasi cha dakika moja. Mwenye kuishikilia tu huiunguza stata na kuiua betri, ikawa ila moja imezaa mbili.

Sasa mtu mmoja apige stata, na mwengine atazame bomba la moshi. Moshi ndio shahidi.

Usipotoka moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Anza na yasiyo gharama. Kizimio kimerudishwa mahali pake? Tangi lina dizeli? Tia kijiti safi upime, usitegemee geji. Kilango cha tangi ki wazi? Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kinanyonya upepo, tundu lake limeziba kwa tope. Kisha fungua skrubu iliyo chini ya chujio, upokee dizeli katika chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo utayaona yametuama chini.

Ukitoka moshi mweupe, dizeli yafika lakini haiwaki. Mara nyingi stata yazungusha polepole: safisha vichwa vya betri, uvikaze. Au dizeli ina maji. Ukitoka moshi mweusi, tazama chujio la upepo, huenda limejaa vumbi na majani. Yote hayo yakiwa sawa, yamkini pete za pistoni zimelika, na huyo ni mgonjwa wa fundi.

Ila iliyo nyingi kuliko zote ni upepo ulioingia katika mabomba ya dizeli, baada ya tangi kukauka au chujio kubadilishwa. Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kutengenezwa 1964, yenye mashine ya Perkins ya silinda tatu. Upepo hutolewa hivi:

1. Jaza dizeli, fungua kilango cha tangi.

2. Legeza skrubu ya juu ya chujio. Piga kipini cha pampu ndogo kwa mkono mpaka itoke dizeli tupu bila mapovu, kisha kaza. Kipini kikiwa hakina uzito, zungusha mashine kidogo, ujaribu tena.

3. Fanya vivyo hivyo kwa skrubu mbili za kutolea upepo zilizo katika pampu kubwa.

4. Legeza nati za mabomba pale yanapoingia katika nozeli. Fungua moto wote, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza nati moja moja. Piga stata tena. Ikiwa ila ilikuwa upepo, mashine itawaka.

Mapovu yasipokwisha, kuna mahali panapovuta upepo baina ya tangi na pampu. Tazama nati na waya za kuzibia.

Khatari ni mbili. Usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka kutoka nozeli au bomba lililopasuka: nguvu yake hupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini huweza kumkosesha mtu mkono. Aende hospitali saa ile ile. Ya pili, usipulize etha katika mashine yenye kipasha moto cha kuwashia, huweza kuripuka.

Na pampu kubwa isifunguliwe shambani hata siku moja. Vyombo vyake ni vyembamba mno, na chembe moja ya mchanga yatosha kuiharibu.

Kinga ni rahisi. Dizeli ya madebe iachwe itulie, ichujwe kwa kitambaa safi, na ya chini isimiminwe. Tangi lijazwe jioni, kwani tangi tupu hutoa jasho usiku, na jasho hilo ni maji. Chujio libadilishwe kabla ya mavuno, si katikati yake. Bei ya chujio si kitu mbele ya gunia moja la karafuu lililoharibika.

Wenu katika kazi,
Katibu