Ameugua baada ya sindano: ni sindano au ni sadfa?

Siku moja ya kliniki, kabla sijafungua hata kichupa cha kwanza cha chanjo, mtoto wa miezi 9 alipata degedege akiwa mapajani kwa mama yake. Walikuwa wa sita kwenye foleni. Tulimlaza ubavu, tukampima joto, tukampima malaria. Malaria ilikuwepo. Alianzishiwa matibabu, akapewa rufaa, akapona. Baada ya wiki kadhaa mama alimrudisha kwa ajili ya chanjo aliyoikosa, akaniambia: "Nesi, siku ile ningewahi foleni, hadi leo ningekuwa naamini ni sindano yako."

Alisema kweli kabisa. Kama angefika nusu saa mapema, mtoto angechomwa kwanza, degedege ingefuata, na hakuna maneno yangu ambayo yangemtoa kwenye imani hiyo. Majirani wangesikia. Mdogo wake mtoto huyo asingeletwa kliniki. Na malaria, ambayo ndiyo iliyokuwa inamsumbua mtoto tangu jana yake, isingetajwa na mtu.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu sadfa, mama, nawe baba, bibi au dada unayelea.

Sadfa ni pale mambo mawili yanapotokea pamoja, au moja likafuata jingine, bila moja kuwa sababu ya lile lingine. Unamuwaza dada yako, simu inaita, ni yeye. Bundi analia juu ya paa usiku, asubuhi taarifa ya msiba inaingia. Akili ya binadamu haipendi kuyaacha mambo hayo mawili yakae mbalimbali, inayafunga pamoja papo hapo. Wala usijione mjinga kwa hilo. Akili hiyo hiyo ndiyo inayokufanya ugundue kwamba mtoto huharisha kila anapokunywa maziwa yaliyolala, ukaacha kumpa.

Shida yake ni moja: tunakumbuka yaliyokutana na kusahau yasiyokutana. Mara ngapi umemuwaza dada yako na simu haikuita? Bundi amelia usiku mingapi na asubuhi watu wakaamka salama, wakanywa chai, wakaenda shamba? Usiku huo hakuna anayeuhesabu.

Halafu sadfa ni nyingi kuliko tunavyodhani. Chukua watu 23 tu, waulize siku ya kuzaliwa. Uwezekano wa kupata wawili waliozaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja ni zaidi ya nusu. Watu wengi hawaamini wakisikia hivyo, hata mimi nilibishana na mwalimu chuoni. Lakini watu 23 wanaweza kupangwa wawili wawili kwa namna 253 tofauti, na kila jozi ina nafasi yake ya kulingana. Mjaribu kwenye kikoba chenu au kwenye kwaya. Tunashangaa kwa sababu kila mmoja anaifikiria siku yake tu, hafikirii jozi zote zilizomo chumbani.

Sasa tuje kwenye kadi ya mtoto

Kwa ratiba yetu Tanzania, mtoto huchanjwa anapozaliwa, akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18. Hizo ni safari sita. Ukihesabu siku tatu tu baada ya kila safari, unapata siku 18 ambazo lolote likimpata mtoto, wa kwanza kulaumiwa ni chanjo. Na huo ndio umri ambao watoto huugua sana. Mafua peke yake, mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida kwa mtoto mdogo. Weka na malaria, kuharisha, kikohozi. Hayo yote hayaangalii kalenda ya kliniki. Lazima mengine yataangukia ndani ya siku hizo 18, tena kwa watoto wengi, maana siku moja tu kituo kinaweza kuchanja watoto makumi.

Sisemi kwamba chanjo haileti chochote. Huleta, na nesi asiyekuambia hivyo hajakutendea haki. Mtoto anaweza kupata joto siku ya kwanza au ya pili, akalialia, paja likavimba kidogo na kuuma. Baada ya ile ya surua-rubela, homa na vipele vidogo vinaweza kuja wiki moja hadi mbili baadaye, wakati umeshasahau kabisa. Homa hiyo, mara chache, inaweza kumpa mtoto degedege. Haya tunayajua kwa sababu yanajirudia: huja kwa muda ule ule na kwa namna ile ile, kwa watoto wa Mwanza na wa Mtwara. Kinachotokana na chanjo kina muda wake. Kuharisha kulikoanza jana yake, kikohozi cha wiki nzima, homa ya malaria, hayo yana asili nyingine.

Huenda umesikia pia kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Hadithi hiyo ilipata nguvu Uingereza mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield alipochapisha makala kuhusu watoto 12 katika jarida la The Lancet. Watoto 12! Dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana katika mwaka wa pili wa maisha, ndio umri ambao watoto wa kule huwa wametoka kuchanjwa. Mambo mawili yakakutana kwenye umri mmoja. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya laki tano, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakakuta usonji hauwachagui waliochanjwa. Makala ya Wakefield ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari nchini mwake. Lakini hofu haifutwi na jarida. Bado naulizwa swali hilo, na wanaouliza wengi ni akina mama waliosoma.

Dege, taa na mvua

Degedege ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hapa sadfa huchelewesha watoto. Katika maeneo mengi wazee husema kuna dege, mdudu au ndege wa usiku, akipita juu ya mtoto aliyelala basi mtoto anashikwa. Na ni kweli, bibi aliyekuambia anaweza kuwa aliona kwa macho yake nondo mkubwa ndani ya nyumba usiku ule ule. Hakudanganya.

Ila jiulize, nondo na wadudu wa taa hujaa nyumbani lini? Wakati wa mvua. Na mbu wa malaria huongezeka lini? Mvua ikiacha madimbwi. Kwa hiyo nondo na degedege huja msimu mmoja, wakiletwa na kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekitazama. Nondo hana kosa.

Kuna imani nyingine ngumu zaidi: kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hii nayo ina chanzo cha kueleweka. Mtoto anaanza nyumbani, anafukizwa moshi, anapelekwa kwa mganga wa kwanza, wa pili, na hospitali inakuja mwisho, siku ya tatu, malaria ikiwa imeshapanda kichwani. Anachomwa sindano akiwa tayari amezidiwa. Wengine hatuwawahi. Watu wanaona sindano, kisha wanaona jeneza. Siku tatu za nyuma hazionekani tena. Na kila mtoto anayecheleweshwa kwa kuiogopa sindano anaifanya imani hiyo ionekane kweli zaidi.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, mlegeze nguo, usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si dawa, si maji. Usimfukize moshi. Angalia saa. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama imeisha na anacheza.

"Meno ya plastiki" nitayapitia haraka kwa sababu mchezo ni ule ule. Vinundu vyeupe kwenye fizi ni vichipukizi vya meno ya kawaida kabisa. Huanza kuonekana mtoto akiwa na miezi michache, umri ambao anaanza kupeleka kila kitu mdomoni na muda si mrefu anaanza kula chakula kingine, basi anaharisha. Mtu anavitoboa au kuving'oa kwa kifaa kichafu, na siku mbili tatu baadaye kuharisha kunakoma. Kungekoma tu! Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe ndani ya siku kadhaa ikiwa mtoto hakaukiwi maji, ndiyo maana tunasisitiza kunyonyesha zaidi, maji ya chumvichumvi ya pakiti za ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Aliyeshika mtoto mwishoni ndiye anayepata shukrani. Mtoto anabaki na kidonda, na wakati mwingine na maambukizi.

Lakini usiache kutazama

Nisije nikakufanya uone kila unachokigundua ni upuuzi. Mwaka 1941, huko Sydney, Australia, daktari wa macho aitwaye Norman Gregg alikuwa akipokea watoto wachanga wengi kuliko kawaida wenye mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba aliwasikia akina mama wakizungumza wakiwa wanasubiri kumwona, wakaambizana kwamba waliugua rubela mimba zikiwa changa. Akina mama wanapiga soga kwenye benchi, basi. Wengine wangesema ni sadfa tu. Yeye akaanza kuuliza, na akawaomba madaktari wenzake waulize. Kati ya watoto 78 waliokusanya taarifa zao, mama 68 walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito. Hapo si sadfa tena. Kwa sababu ya jambo hilo, leo rubela imo ndani ya sindano ile ya miezi 9 na 18.

Unaona alivyofanya? Aliwauliza wengi. Nawe unaweza kufanya hivyo kwa kiasi cha nyumbani. Ukiona jambo limemfuata mtoto baada ya jingine, jiulize kwanza lilianza lini hasa, maana mara nyingi tukikaa na mama na kurudi nyuma saa kwa saa, tunakuta mtoto aliamka tayari amechemka. Uliza kama watoto waliochomwa naye siku ile, kutoka kichupa kile kile, wamepata shida hiyo. Uliza kama wasiochomwa mtaani kwenu hawana. Wakati wa mafua utakuta nyumba nzima inakohoa, pamoja na baba ambaye hajachomwa sindano tangu akiwa shule.

Andika. Nawaambia akina mama wangu watumie daftari la shule la mtoto mkubwa, kurasa za nyuma: tarehe, saa, joto lilianza lini, amekula nini, amepewa dawa gani. Ukija nalo kliniki utanisaidia kuliko kuniambia "tangu juzi juzi". Na kama unahisi ni chanjo, niambie waziwazi, usiogope nitafoka. Tunayo fomu ya kuripoti madhara yanayofuatia chanjo, na ni kazi yetu kuijaza. Ripoti moja haithibitishi kitu, lakini zikiwa nyingi zinazofanana, watu wanaamka.

Yapo mambo ambayo hayangoji daftari wala mjadala wa sadfa: mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kutoamka vizuri, au akipumua kwa shida. Hapo beba mtoto, twende.

Na zile sadfa nyingine, za kufariji? Mama mmoja kijijini kwetu alijifungua binti usiku ule ule mama mkwe wake alipofariki. Familia ikasema bibi amerudi, mtoto akapewa jina lake, na kila alipocheka walimwona marehemu. Kuna mwenzangu kazini alitaka kuwasahihisha. Nilimshika mkono. Jina halimnyimi mtoto chanjo, halimcheleweshi dawa, na kwa baba yule aliyezika na kupokea mtoto ndani ya siku moja lilikuwa la lazima.

Tatizo lilikuja mtoto alipopata homa akiwa na miezi saba, shangazi akasema bibi amekasirika, hajatambikiwa. Mama akasikiliza, akaitikia kwa heshima, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kuja kituoni. Ilikuwa nimonia. Tambiko walilifanya Jumapili iliyofuata, dawa zikiwa zimebaki dozi mbili.

Bibi huyo mdogo juzi amepata chanjo ya miezi 18. Alinipiga teke.