Meza ya Mchuuzi na Kumbukumbu ya Kompyuta

Katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, mjini Morogoro, wachuuzi huuza karoti na kabichi zitokazo Mgeta, katika milima ya Uluguru. Mwenye meza ndogo hupanga mafungu machache tu. Vitu vingine huviacha ndani ya matenga chini ya meza. Kila akitakiwa kitu kingine, yambidi aondoe hiki ndipo apate nafasi ya kuweka kile, na wanunuzi hungoja. Mwenye meza kubwa hapati taabu hiyo.

Kompyuta mpakato, yaani ile ikunjwayo kama kitabu, nayo ina matenga na meza. Matenga ni diski, mahali yanapotunzwa maandishi na picha hata kompyuta ikiwa imezimwa. Meza ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. Humo huwekwa kazi inayofanywa wakati ule, na kompyuta ikizimwa, yote yaliyomo hufutika. Ukubwa wake hupimwa kwa gigabaiti. Kazi zikizidi nafasi, kompyuta huhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha tena, na mwendo wake huwa wa kobe.

Mwalimu mmoja wa Morogoro Mjini alikuwa na kompyuta yenye shida hiyo. Kila alipotaka kujumlisha alama za wanafunzi wake, alingoja hata chai ikapoa. Basi akaweka akiba miezi mitatu. Dukani aliona kipande cha kumbukumbu cha bei rahisi, akatoa fedha zake. Walakini kabla ya kulipa moyo wake ulisita, akaenda kwa fundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta yangu imekuwa nzito. Nimeona kipande cha DDR3, je, nikinunue?"

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Kipande kisichofaa ni fedha iliyotupwa."

Fundi akamwonyesha mambo manne.

La kwanza ni kujua kama kumbukumbu ndiyo iliyopungua. Fundi alifungua kazi zote alizozifungua Mwalimu kila siku, akatazama kipimo. Gigabaiti 4 zilizokuwamo zilikaribia kwisha. Kama nafasi nyingi ingalikuwa imebaki, kuongeza kusingalimfaa kitu.

La pili ni namna yake. Kanuni za DDR3 zilitolewa mwaka 2007, za DDR4 mwaka 2012, na za DDR5 mwaka 2020. Kila namna ina pengo mahali pake, wala moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Tena kipande cha kompyuta ya mezani ni kirefu karibu mara mbili ya kile cha kompyuta mpakato. Kompyuta ya Mwalimu ilitaka DDR4.

La tatu ni nafasi. Kompyuta nyingine zina nafasi mbili, nyingine moja, na nyingine kumbukumbu yake imelehemiwa, isiweze kuongezwa. Tena kila kompyuta ina mpaka wa kiasi iwezacho kupokea. Ya Mwalimu ilikuwa na nafasi moja tupu.

La nne ni kiasi. Kwa barua, hesabu na intaneti, gigabaiti 8 zilimtosha Mwalimu. Mwenye kutengeneza filamu huhitaji 16 au zaidi. Fundi akachagua kipande cha gigabaiti 4, sawa na kile cha kwanza, kwa kuwa viwili vilivyo sawa hufanya kazi pamoja kwa wepesi zaidi.

Ndipo fundi alipoizima kompyuta, akatoa betri, akagusa chuma ili umeme mdogo uliomo mwilini usiharibu kitu. Akakishika kipande kwa kingo zake, akakiingiza kwa mshazari, akakibonyeza hata vishikizo vikakibana.

Jioni ile Mwalimu alimaliza kujumlisha alama, na chai yake ilikuwa ingali moto. Kama angalinunua kile kipande cha bei rahisi, akiba ya miezi mitatu ingalipotea bure. Kweli, kuuliza si ujinga.

MASWALI
1. Meza ya mchuuzi yafanana na nini katika kompyuta?
2. Kwa nini kipande cha DDR3 hakikumfaa Mwalimu?
3. Fundi aligusa chuma kwa sababu gani?