Ukurasa unazunguka tu: mstari wa koneksio kwenye mlango wa seva

Jumamosi moja jioni, wakati wa habari, simu ya studio ilianza kulia bila kupumuzika. Mama mmoja akatuambia: «Radio inazunguka tu kwenye telefone, haifunguke, na mega niko nazo.» Wengine walilaumu kampuni ya simu, wengine umeme. Kumbe kosa lilikuwa kwetu, ndani ya programu ndogo inayogawa sauti yetu kwenye intaneti. Kwa kuwa vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanajifunza kuandika programu za namna hii, tunaeleza hapa kilichotokea.

Kila mtu anajua mstari wa bidoni kwenye robine. Unaweka bidoni yako nyuma ya zingine, kisha unaenda kufanya kazi ingine. Bidoni inakushikia nafasi. Seva nayo ni vile. Programu inapofungua porti kwa amri ya listen, si yenyewe inayopokea watu. Ni mfumo wa kompyuta, sawa Linux, unaosalimiana na simu ya msikilizaji: simu inabisha, mfumo unajibu, simu inahakikisha. Hapo koneksio iko tayari, inawekwa kwenye mstari, na inangoja programu ije kuichukua kwa amri ya accept. Programu ikichelewa, mstari unarefuka.

Mstari huo una mwisho. Urefu wake unaandikwa ndani ya listen, na kwetu iliandikwa 5. Namba hiyo imetoka mbali: mifumo ya BSD ya miaka ya 1980 haikukubali zaidi ya hapo, na masomo mengi yameendelea kuinakili mpaka leo. Linux nayo iko na kikomo chake, kinaitwa somaxconn. Zamani kilikuwa 128. Tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019 ni 4096. Kati ya namba yako na ya mfumo, ile ndogo ndiyo inatumika.

Kuangalia mstari ni rahisi. Kwenye Linux unaandika ss -ltn. Kwa porti inayosikiliza, Recv-Q ni hesabu ya koneksio zinazongoja, na Send-Q ni urefu wa mstari. Jioni ile tulikuta 6 na 5. (Hapana, si kosa la hesabu: Linux inaachilia moja izidi.) Mstari ukijaa, Linux kwa kawaida haimwambii mtu «hakuna nafasi». Inanyamaza tu. Simu inabisha tena na tena, na ikiwa ni simu ya Linux ao Android inaweza kuendelea karibu dakika mbili. Ndiyo maana yule mama aliona kiduara kinazunguka, hakuona neno la kukataliwa.

Sasa, programu ilikuwa wapi? Ilikuwa inamhudumia mtu mmoja mpaka amalize, ndipo iende kwa mwengine. Akitokea msikilizaji mwenye mtandao dhaifu, wote wanamngoja yeye. Jambo la kwanza tulilofanya ni kubadilisha 5 kuwa 1000, na haikusaidia kitu. Robine ilibaki moja, bidoni tu ndizo ziliongezeka.

Dawa ni programu itazame mstari mara kwa mara bila kulala pale. Amri za select na poll zinafanya kazi hiyo: unazipa soketi inayosikiliza, zinakujibu kama kuko koneksio inayongoja. Ukiweka muda wa kungoja kuwa 0, jibu linarudi palepale. Wanaoandika kwa C# wako na Pending ndani ya TcpListener, inayojibu ndiyo ao hapana. Hakuna hata moja kati yao inayokuambia ni koneksio ngapi zinazongoja.

Kuko mtego hapa, na watu wazoefu pia wanauangukia. Umetazama, umeona bidoni ya kwanza, unaita mwenyewe, kumbe ameishaenda. Kati ya kutazama na kufanya accept, programu ingine inayotumia soketi ileile inaweza kuwa imekutangulia, na kwenye mifumo fulani msikilizaji akikata, koneksio yake inaondolewa kwenye mstari. Accept inabaki imesimama, inangoja mtu atakayekuja haijulikani lini, na seva nzima inasimama nayo. Kwa hiyo soketi inayosikiliza iwekwe katika hali ya kutozuia, O_NONBLOCK. Accept ikikosa mtu itarudisha EAGAIN, na programu itaendelea na kazi zake. Ukikuta mstari, rudia accept mpaka EAGAIN itokee. Na angalisho moja lililotupotezea saa mbili: kwenye Linux koneksio uliyoipokea hairizi hali hiyo, lazima uiweke tena juu yake, kama sivyo mtandao dhaifu wa mtu mmoja utakushika vilevile.

Tuliandika upya sehemu hiyo, na urefu wa mstari tukauweka 128. Jumamosi iliyofuata, wakati wa habari, Recv-Q ilikuwa 0, mara moja moja 1 ao 2. Ukitaka kupima seva yako, pima wakati kama huo, watu wakiwa wengi. Usiku wa manane hautaona kitu.