Kuchagua Kifaa cha Kusikia Katika Pwani ya Bagamoyo: Jaribio la Haki ni Lipi?

Sikio zima la mwanadamu huweza kusikia sauti zenye mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Idadi hiyo ya mitetemo hutajwa kwa kipimo cha hezi, na ukubwa wa sauti hutajwa kwa desibeli. Mtu anapopungukiwa na usikivu, mara nyingi hapotezi sauti zote kwa pamoja. Aghalabu hutangulia kupotea zile nyembamba zenye hezi nyingi, ilhali zile nzito hubaki. Ndiyo sababu wazee wengi hulalamika kwamba wanasikia watu wakizungumza lakini hawaelewi kinachosemwa.

Kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho wengi hukiita shime sikio, kimekusudiwa kuziba pengo hilo. Vifaa vipya hutoka kila mara, na kila kimoja husifiwa kuliko kilichotangulia. Mvuvi wa Bagamoyo, mwalimu wa Kerege au mwanafunzi wa Bunju atajuaje kipi kinamfaa? Jibu halipatikani katika karatasi ya mtengenezaji pekee. Hupatikana kwa jaribio lililopangwa kwa haki, linalofanywa kwa lugha ya mtumiaji na mahali anapoishi.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kila kifaa kina sehemu kuu nne: maikrofoni, kikuza sauti, spika ndogo na betri. Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme, kikuza sauti huuongezea umeme huo nguvu, na spika huugeuza tena kuwa sauti sikioni. Vifaa vya transista vilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vile vya kidijiti vilianza kuenea katikati ya miaka ya 1990.

Vingi vya vifaa vya zamani vilikuza sauti zote karibu kwa kiasi kimoja, hivyo mtumiaji alipoweza kusikia mnong'ono, honi ya lori ilimuumiza. Kifaa cha kisasa huzigawa sauti katika makundi kwa kadiri ya hezi zake. Hukuza zaidi kundi lililofifia kwa mtumiaji, na huiongezea kidogo tu sauti ambayo tayari ni kubwa. Kwa hiyo kifaa kizuri kilichopangwa bila kufuata vipimo vya mhusika chaweza kushindwa na kifaa cha kawaida kilichopangwa sawasawa.

Kiswahili na sauti zinazopotea

Lugha ya Kiswahili ina irabu tano, na takriban kila neno la asili huishia kwa irabu. Nguvu kubwa ya irabu imo katika hezi za chini, kwa hiyo mtu mwenye upungufu wa usikivu huendelea kuzisikia. Konsonanti kama s, f, sh na t ni hafifu, na sehemu kubwa ya alama zinazozitofautisha imo katika hezi za juu. Yafikiriwe maneno haya: pata, paka, saka, taka, kata, kasa. Irabu zake ni zilezile. Konsonanti ndizo zinazomtenga kasa wa baharini na paka wa nyumbani.

Hatari huzidi katika ukanushi. Tofauti kati ya "atakunywa dawa" na "hatakunywa dawa" ni pumzi moja dhaifu ya h. Mgonjwa au mzazi asiyeisikia pumzi hiyo hupokea agizo lililo kinyume kabisa na lile alilopewa. Kwa hiyo orodha ya maneno ya Kiingereza haitoshi kupima manufaa ya kifaa kwa mtu anayeishi kwa Kiswahili.

Hewa ya pwani

Vifaa vingi vidogo hutumia betri ya zinki na hewa, yenye volti 1.4 hivi. Betri hiyo huja imefunikwa kwa kibandiko. Kibandiko kikibanduliwa, oksijeni huingia na betri huanza kazi, na tangu hapo huendelea kudhoofika hata kifaa kisipotumika. Unyevu mwingi wa hewa huidhuru. Jasho, chumvi na unyevu huweza pia kuziba tundu la maikrofoni na kusababisha kutu. Tena upepo wa kusi ukivuma juu ya maikrofoni hufanya mngurumo unaofunika maneno. Haya yote mtumiaji wa Bagamoyo hukutana nayo kila siku, hasa wakati wa masika. Kifaa kilichofaulu katika chumba tulivu na kikavu bado hakijapita mtihani wa sokoni wala wa ufukweni.

Ugumu wa kupata betri uliwafanya wengine watafute njia tofauti. Katika kijiji cha Otse nchini Botswana, mradi wa Godisa ulitengeneza kifaa ambacho betri zake huchajiwa kwa nguvu ya jua, na miongoni mwa mafundi wake walikuwamo viziwi.

Mafunzo ya majaribio mawili

Nchini Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2017 uliwagawa wazee katika makundi matatu. La kwanza lilipangiwa vifaa na wataalamu, la pili lilijichagulia lenyewe, na la tatu lilipewa vifaa vya aina ileile vilivyopangwa visikuze sauti, bila wahusika kujulishwa. Kundi hilo la tatu lilihitajika kwa sababu mtu aliyepewa kifaa kipya huweza kudhani amepona kwa matumaini tu. Makundi mawili ya kwanza yalinufaika zaidi, ingawa waliojichagulia hawakuridhika sana kama wale waliohudumiwa na wataalamu.

Huko Afrika Kusini, utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulilinganisha vifaa ambavyo watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani walijipangia wenyewe na vile vilivyopangwa na wataalamu. Baada ya wiki sita hapakuonekana tofauti kubwa. Matokeo hayo yana uzito katika nchi zenye wataalamu wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 hivi walihitaji huduma za usikivu, na kwamba takriban watu 17 tu katika kila 100 ambao wangenufaika na vifaa hivi ndio waliokuwa wakivitumia.

Jaribio la darasani

Kanuni za ulinganisho wa haki zaweza kujaribiwa shuleni bila kifaa chochote. Mwanafunzi akae mita tatu kutoka kwa msomaji, akiwa ameziba masikio yake taratibu kwa viganja. Msomaji afunike mdomo kwa karatasi ili midomo isisomeke, kisha asome maneno 20 yanayofanana, kama yale sita yaliyotajwa juu. Msikilizaji ataje alichosikia, na mwenzake aandike. Jaribio lirudiwe pangaboi la darasani likizunguka, na mpangilio wa maneno ubadilishwe ili kumbukumbu isimsaidie msikilizaji.

Anayelinganisha vifaa viwili hana budi kufuata kanuni hizohizo: abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na ukubwa wa sauti usawazishwe, kwani kifaa chenye kelele zaidi huonekana bora mwanzoni. Kila kifaa kivaliwe kwa wiki kadhaa, maana ubongo huhitaji muda kuzizoea sauti ulizozisahau. Wanaojaribu wakiwa wengi, nusu waanze na kifaa cha kwanza na nusu na cha pili.

Kabla ya yote hayo sikio lichunguzwe na mganga. Sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza. Mtu aliyepoteza usikivu kwa ghafula, au kwa mlipuko kama ule wa uvuvi wa baruti uliosumbua pwani hii kwa miongo mingi, awahishwe hospitali. Wapo pia ambao kifaa cha kukuza sauti hakiwatoshi kabisa. Kwa baadhi yao, Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyo mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka Bagamoyo, ilianza mwaka 2017 upasuaji wa kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio.

Mwalimu anayeona mwanafunzi akijibu swali ambalo hakuulizwa, basi asiharakishe kumwita mzembe. Amsomee maneno machache akiwa amefunika mdomo, aandike yaliyokosewa, na karatasi hiyo ampe mzazi aende nayo kliniki.