Hesabu Sauti Kabla ya Kuhesabu Pesa: Kuchagua Saundikadi ya Kurekodia Nyumbani

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kusimama mbele ya kabati la kioo katika duka la vifaa vya muziki, wakioneshwa masanduku sita, kila sanduku likijigamba kwa tarakimu kubwa kuliko za jirani yake. Kijana wa Kenyenya, kule Gusii, anayetaka kurekodi nyumbani akifika hapo, mara nyingi hununua tarakimu. Akirudi na kufungua sanduku, ndipo anapogundua kwamba kifaa kina tundu moja tu la maiki, naye ana sauti mbili za kurekodi.

Miaka ya 1970, mwanamuziki wa magharibi mwa Kenya aliyetaka kuingia kwenye santuri alifunga safari hadi Kericho, kwenye studio ya Chandarana, au akaenda Nairobi. Huko hakuulizwa anataka kifaa gani; studio ilikuwa na vyake. Leo studio ni chumba cha kulala, laptopu ya mtumba na kisanduku kinachotosha kwenye mkoba. Kiswahili cha vitabuni kitakiita kisanduku hicho kiolesura cha sauti. Madukani ni saundikadi, nami nitashika lugha ya dukani.

Kazi yake ni tatu. Maiki hutoa umeme kidogo mno: Shure SM58, maiki ya mkononi iliyo sokoni tangu 1966, hutoa chini ya milivolti 2 mbele ya sauti ya desibeli 94. Saundikadi hukuza umeme huo, huugeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi, kisha huzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti masikioni mwako. Laptopu ina saundikadi yake ndani, ila ile iliundwa kwa ajili ya simu na video. Haina tundu la maiki ya studio, wala haina nguvu ya kuikuza ipasavyo.

Basi swali la kwanza si bei wala jina. Ni hili: sauti ngapi zitatoka kwa wakati mmoja, na ngapi kati yake utataka kuzipandisha au kuzishusha peke yake baadaye?

Mwimbaji anayeimba juu ya mdundo uliotengenezwa tayari ana sauti moja. Anaweza kurekodi kiitikio leo na ubeti kesho, kisha avipange katika programu. Saundikadi yenye tundu moja la maiki, kama Focusrite Scarlett Solo, inamtosha kabisa. Tundu lake la pili ni la gitaa au kinanda.

Mpiga obokano ni habari nyingine. Obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane na bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe, hupigwa na mtu huyohuyo anayeimba. Ukimtaka apige kwanza kisha aimbe juu yake, umemvunja: mkono wake unaifuata pumzi yake. Ni lazima urekodi vyote pamoja, na ni lazima uvitenge, kwa sababu mvumo wa ala ile ni mzito na unaweza kuyafunika maneno. Maiki moja iwe karibu na mdomo, nyingine iwe kama nusu mita mbele ya ngozi, mgongo wake ukielekea usoni mwa mwimbaji ili isimeze sauti yake. Hapo unahitaji matundu mawili ya maiki, yale ya XLR yenye pini tatu. Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD zina matundu hayo. Soma sanduku kwa makini: saundikadi huweza kuandikwa kwamba ina njia mbili za kuingiza sauti, kumbe moja tu ndiyo ya maiki.

Kwaya ya watu wanne, nayo? Wengi wanadhani ni matundu manne, kama yale ya UMC404HD. Mimi husita. Waimbaji wanne wakisimama chumba kimoja, kila maiki itawasikia wote wanne, na ukipandisha mmoja unawapandisha na wenzake. Wanaojua kusikilizana watarekodika vizuri zaidi kwa maiki mbili nzuri, mwenye sauti nzito akisogea hatua moja mbele au nyuma hadi uwiano ukae. Uwiano huo waufanye wenyewe kwa miguu yao, usiungoje kompyuta.

Swali la pili ni nguvu ya kukuza. Hupimwa kwa desibeli, na desibeli 60 ni sawa na kuzidisha mara 1,000. Mtu anayeimba mdomo ukigusa maiki hahitaji nyingi hivyo. Lakini maiki ya dainamiki iliyowekwa nusu mita kutoka kwenye ala itahitaji zaidi, na saundikadi dhaifu ikisukumwa hadi mwisho hutoa mchirizo kama wa mafuta kikaangoni. Scarlett Solo ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, ina desibeli 57. Ndugu yake 2i2 ina 69. Tofauti hiyo ina maana kuliko rangi ya sanduku.

Maiki za kondensa zina hitaji la ziada: volti 48 zinazopitia kwenye waya uleule wa sauti, ziitwazo umeme wa fantomu. Tafuta kitufe kilichoandikwa 48V. Hapo ndipo saundikadi za V8 zinazouzwa kila kona huangusha watu. Zilibuniwa kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja kwenye simu, pamoja na vitufe vyake vya makofi na vicheko. Kwa kazi hiyo zinafaa; kwa maiki ya studio hazina ubavu.

Sasa tuje kwenye tarakimu zinazowatia watu wazimu: 44.1, 48, 96, 192. Hizo ni elfu za sampuli ambazo saundikadi huchukua kila sekunde. Sampuli 48,000 zinabeba masafa hadi hertzi 24,000, na sikio la binadamu huishia karibu 20,000. Tena wimbo wako ukipata bahati ya kuchezwa Egesa FM, redio ya FM yenyewe haipitishi zaidi ya hertzi 15,000. Kwa hiyo 192 haikuongezei mshabiki. Inakujazia diski tu. Tarakimu ya kuizingatia ni biti: 16 hutoa ngazi 65,536 za sauti, 24 hutoa zaidi ya milioni 16. Ukiwa na biti 24 huna haja ya kurekodi kwa kishindo hadi taa nyekundu iwake. Acha vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Mwimbaji akipandwa na mori kwenye kiitikio, una nafasi.

Kuna kasoro moja ambayo mwanzo huwafanya waimbaji waonekane wabovu ilhali si wao. Kompyuta hukusanya sampuli kwa mafungu kabla ya kuzishughulikia. Fungu la sampuli 512, kwa kasi ya 48,000, huchukua takriban milisekunde 11 kuingia na 11 kutoka. Katika milisekunde 22 sauti husafiri zaidi ya mita 7 hewani. Ni kama kujisikia ukiimba kutoka upande wa pili wa ukumbi, lazima utachelewa. Punguza fungu liwe 128 wakati wa kurekodi, au bonyeza kitufe cha kujisikia moja kwa moja, kinachopeleka sauti hedifonini bila kupitia kompyuta. Saundikadi isiyo na kitufe hicho iache dukani. Kwenye Windows, hakikisha pia ina draiva yake ya ASIO, ile inayopunguza kuchelewa huko. Bila hiyo, laptopu ya zamani itasuasua.

Nimeliacha la stima hadi sasa makusudi, kwa sababu mijini hawaliulizi. Saundikadi nyingi ndogo hula umeme wa USB, volti 5 tu kutoka kwenye laptopu. Stima ikipotea katikati ya ubeti, betri inaendelea na wimbo unaendelea. UMC404HD ina adapta yake ya ukutani. Stima ikienda, nayo imekwenda. Kwa anayeishi ambako stima huja na kuondoka ipendavyo, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua ile ndogo.

Na kama ukisikia mvumo usioisha hata pasipo mtu kuimba, usikimbilie kurudisha kifaa dukani. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na nyumba isiyo na waya mzuri wa athi huingiza mtetemo huo kwenye sauti kupitia chaja. Chomoa chaja, tumia betri, usikilize tena. Mara nyingi mvumo hutoweka papo hapo. Kukata pini ya athi kwenye plagi ili kunyamazisha mvumo ni kununua ukimya kwa roho yako, usithubutu.

Baada ya hayo yote, pesa iliyobaki isiende kwenye saundikadi kubwa zaidi. Kelele za ndani ya saundikadi ya leo, hata ya bei nafuu, ni ndogo kuliko jogoo wa jirani. Nunua maiki halisi, maana SM58 feki zimejaa sokoni, kisha tundika blanketi zito nyuma na ubavuni mwa mwimbaji. Kabla hujanunua chochote, kaa chumbani unakokusudia kurekodi, uwashe kinasa cha simu kwa dakika moja bila kusema neno, halafu usikilize. Utakachosikia ndicho kitakachoingia kwenye kila wimbo wako.

Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka alasiri, na nyumba zetu ni za mabati. Ikianza kupiga, hakuna saundikadi wala blanketi litakalokuokoa. Rekodi asubuhi. Alasiri vaa hedifoni, uhariri ulichokipata.