Sanduku la Barua la Nyumbani
Huku kwetu barua haziji mlangoni. Hulala Posta, katika sanduku la kukodi lenye namba yake na msimbo wa mji, kama 80100 kwa Mombasa. Jamaa wengi huazima sanduku la mwajiri au la shule. Nasi tulifanya hivyo, hata barua ya binti yetu ya kuitwa chuoni ikakaa juu ya meza ya watu mpaka siku ya kuripoti ikapita. Alilia, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Basi tukakodi letu, karibu na njia ya sokoni apitapo mama watoto, si karibu na kazini kwetu. Ufunguo mmoja tunao sisi, wa pili anao yeye. Barua ni amana: yenye jina lake huifungua mwenyewe. Ada ya mwaka twailipa mapema, sanduku lisije likafungwa.